"Return" si kurudi tu

Kijana anayesoma Kiingereza hapa Alunguli haogopi neno "return". Analikuta kwenye simu, kwenye kibonyezo cha kompyuta, kwenye tikiti ya mtu aliyeshuka ndege. Mwalimu anaandika ubaoni: return, kurudi. Wanafunzi wanaandika, wanapita kwenye neno linalofuata. Darasani hiyo inatosha.

Shida ni kwamba neno lile halikubaki darasani. Liko ndani ya karatasi za mashirika ya kiutu, ndani ya ripoti zinazoandikwa kwa Kiingereza mbali na hapa, kisha zinageuzwa kuwa Kifaransa, na mwisho mtu anasimama mbele ya wamama waliokaa chini ya mwembe anawaambia kwa Kiswahili: "Wanataka kujua kama mtarudi." Wasikilizaji kadhaa wameniuliza neno hilo hasa linataka kusema nini. Mmoja aliuliza vizuri kuliko wote: "Ni sisi tutarudi, ao ni wao watatupeleka?"

Swali lile ndilo makala hii. Jibu langu ni kwamba Kiingereza kinaweza kuyasema yote mawili kwa neno moja, na Kiswahili hakiwezi. Sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati hapo, na tunaitupa kila mara tunapotafsiri "return" kwa "kurudi" peke yake.

Tuanze na neno lenyewe. Waingereza walilipata kwa Wafaransa zamani sana, kutoka "retourner", ndiyo maana mtu wa Kindu aliyepita masomo ya sekondari anadhani analijua. Lakini Kifaransa kina mlango wa kila mtu: "retourner" ni kwenda tena kule ulikotoka, "revenir" ni kuja tena huku tuliko, "rentrer" ni kuingia kwako jioni, "rendre" ni kumpa mwenyewe kitu chake, "renvoyer" ni kumfukuza mtu arudi alikotoka. Kiingereza kinaweza kuwapitisha wote hao mlango mmoja. Mtoto anarudi nyumbani: return. Unarudisha sufuria ya jirani: return. Serikali inamkamata mtu mpakani na kumpeleka alikokimbia: return. Mfanyabiashara anaweka franga 100,000 kwenye chumvi na anangoja faida. Faida ile nayo inaitwa return. Karatasi ya kutangaza kodi inaitwa return. Hata siku ya kuzaliwa wanakutakia "returns" nyingi, maana yake siku ile ikurudilie mara nyingi. Neno linalofanya kazi nyingi hivyo linafaa sana kwa mtu asiyetaka kueleza jambo kwa urefu.

Kwetu Alunguli "kurudi" lina maana yake ya kila siku, na wageni wetu wanaweza wasiijue. Ofisi ya liwali, uwanja wa ndege, stesheni ya treni, vyote viko ng'ambo, upande wa Kasuku na Mikelenge. Daraja hatuna. Mtu wa Alunguli anavuka asubuhi kwa mtumbwi na jioni anarudi. Akisema "nitarudi", anamaanisha mbele ya giza, kama mtumbwi haukujaa na mto haukukasirika. Tunaagana hivyo: "Naenda nakuya." Hakuna anayeandika neno lile kwenye listi.

Kisha kuna mtu aliyetoka Kabambare, Pangi, Punia ao Kivu kwa miguu. Huyo anafika Alunguli mbele ya kuona mto, kwa sababu sisi ndio ukingo wa kuume. Amelala kwa jamaa, ao kanisani, ao ndani ya darasa mpaka masomo yafunguliwe. Ukimwambia "kurudi" hafikirii jioni. Anafikiria nyumba iliyoungua, shamba ambalo leo pengine mtu mwingine analilima, kaburi la baba yake, na bunduki aliyoiona mara ya mwisho pale kwenye njia. Neno ni moja, kijiji ni kimoja, lakini wenyeji na wahami hawasikii kitu kimoja.

Sasa tazameni Kiswahili kinavyofanya kazi. Nikisema "watu walirudi", nimesema miguu ni yao na shauri ni lao. Nikisema "walirudishwa", kila mtoto wa darasa la pili anajua kwamba kuna mkono wa mtu mwingine, na anaweza kuuliza: na nani? Nikisema "walirudishiwa", basi kuna kitu walichopewa tena: shamba, nyumba, mbuzi. Nikisema "walirudia", walienda tena mahali pale pale ao walifanya jambo lile lile mara ya pili. Nikisema "walirudiana", nimesema juu ya watu waliogombana na kupatana. Herufi chache zinabadilika ndani ya neno na habari yote inabadilika. (Wazee waliosoma vitabu vya pwani watanikumbusha kwamba kumrudi mtoto ni kumtia adabu. Nalo lipo. Kuna watu wanaosikia maana hiyo wanapoona askari wamesimama karibu na lori.)

Kiingereza nacho kinaweza kusema "were returned", yaani walirudishwa, mwandishi akitaka. Lakini hakuna kinachomlazimisha. Anaweza kuandika kwamba familia 300 "returned" na sentensi ikabaki safi, bila mtu ndani yake anayesukuma wala anayesukumwa. Ripoti ile ikigeuzwa Kifaransa, watu wale wanaitwa "retournés". Ikifika redioni kwa Kiswahili, wanakuwa "waliorudi". Katika safari ile ya lugha tatu, kama kulikuwa na bunduki ao njaa nyuma ya familia zile, imeshuka njiani.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya walimu wa sarufi. Hapana. Neno hili limeshafikishwa mbele ya mahakama kubwa kabisa, na watu wengi walipoteza kwa sababu yake.

Mkataba wa mwaka wa 1951 juu ya wakimbizi, katika kifungu cha 33, unakataza nchi kumfukuza ao ku-"return" mkimbizi mahali ambapo uhai wake ao uhuru wake uko hatarini. Walioandika maneno ya Kiingereza waliona kwamba "return" peke yake halikamati vizuri wanachotaka. Kwa hiyo wakatia ndani ya Kiingereza neno la Kifaransa, "refouler", na liko pale mpaka leo. Ni jambo la ajabu kidogo: lugha iliyoenea dunia nzima iliomba msaada kwa jirani ili kusema kumsukuma mtu nyuma. Kama wangekuwa na Mswahili mezani, angewapa "kurudisha" na kazi ingekwisha.

Miaka 40 baadaye kibarua kile cha maneno kilileta hasara. Mwaka wa 1992 rais wa Marekani, George Bush, alitoa amri kwamba Wahaiti waliokuwa wakikimbia nchi yao kwa mashua wakamatwe baharini na kupelekwa tena Haiti, bila kusikilizwa kwanza kama wana sababu ya kuogopa. Rais aliyemfuata, Bill Clinton, aliendelea na mpango ule. Watetezi wa Wahaiti wakaenda mahakamani na kusema: sheria inakataza "return", na nyinyi mnafanya "return". Jambo likafika Mahakama Kuu ya Marekani. Tarehe 21 Juni 1993 majaji 8 kwa 1 wakaamua kwamba katazo halifiki baharini. Jaji John Paul Stevens, aliyeandika kwa niaba ya walio wengi, alifungua kamusi za Kifaransa na Kiingereza na kusema kwamba "return", likiwa limefungwa pamoja na "refouler", ni kumzuia ao kumsukuma mtu kwenye mpaka, si kumkamata katikati ya bahari na kumsafirisha. Jaji mmoja, Harry Blackmun, alikataa. Yeye alisema neno lichukuliwe kwa maana yake ya kawaida: wale watu wanarudishwa, na mkataba unasema wasirudishwe. Alibaki peke yake. Meli ziliendelea.

Mwaka wa 2012 mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya ilienda njia nyingine: iliihukumu Italia kwa kuwakamata Wasomali na Waeritrea baharini na kuwapeleka Libya. Kwa hiyo tendo linalofanana, watu kwenye maji wakirudishwa kwa nguvu, lilipata majibu mawili. Ndugu zetu wa Nyarugusu na Kakuma wanaojaza fomu za Kiingereza wangefanya vizuri kukumbuka hilo kabla ya kuandika "return" kwenye mstari wowote.

Mtaniambia: sisi hatukuvuka mpaka. Ni kweli. Mtu aliyetoka Kabambare na kufika Alunguli bado yuko ndani ya Maniema, si mkimbizi kwa mkataba wa 1951. Ni mhami wa ndani. Juu yake kuna maandishi mengine. Mwaka wa 1998 Umoja wa Mataifa ulipokea Kanuni za Kuongoza juu ya wahami wa ndani, zilizotayarishwa chini ya Francis Deng, mtu wa Sudani. Na tarehe 23 Oktoba 2009, nchi za Afrika zilikubaliana huko Kampala juu ya mkataba wa bara letu wenyewe, ulioanza kufanya kazi Desemba 2012. Katika maandishi yote mawili, "return" haliachwi litembee peke yake. Limefungwa na maneno mengine: kwa hiari, kwa usalama, kwa heshima. Na si njia pekee iliyotajwa. Mhami anaweza kurudi kwake, anaweza kubaki alipo na kuwa mwenyeji, anaweza kwenda kukaa sehemu nyingine ya nchi. Mkataba wa Kampala unasema wazi kwamba achague mwenyewe, akiwa huru na akiwa amepewa habari.

Ninarudia hili la habari kwa sababu ndilo linalosahaulika. Mtu hawezi kuchagua kurudi Salamabila kama hakuna aliyemwambia nani yuko Salamabila leo, kama njia imefunguliwa, kama kituo cha afya kina dawa, kama msimu wa kupanda mpunga haujapita. Kumuuliza "mtarudi?" bila kumpa hayo ni kumuuliza mtu kama atavuka mto bila kumwambia kama kuna mtumbwi.

Sasa, ili nisionekane ninaweka lawama yote juu ya Kiingereza, nitoe mfano uliofanyika kwa Kiswahili chenyewe. Nchini Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu walikimbia nyumba zao. Tarehe 5 Mei 2008 serikali ilianzisha mpango wa kuwaondoa kambini, na ukapewa jina la Kiswahili: Operesheni Rudi Nyumbani. Angalieni kitenzi kile. "Rudi." Ni amri, ya mtu mmoja, kama unavyomwambia mtoto aliyeenda mbali na lango. Malori yalikuja. Familia zilipewa shilingi 10,000 za kuanzia, na shilingi 25,000 kwa ambaye nyumba yake iliharibiwa. Wengi walifika kwenye mashamba yao, wengine walishushwa kwenye hema karibu na mashamba hayo wasiweze kuingia. Na kulikuwa na watu ambao kwao "nyumbani" lilikuwa ni chumba cha kupanga sokoni Eldoret ao kibanda cha biashara ambacho sasa kina mtu mwingine. Hao walirudi wapi? Baadhi yao walichanga zile shilingi 10,000 wakanunua ardhi pamoja, mahali ambapo hawakuwahi kukaa, kama upande wa Mai Mahiu. Kwenye hesabu ya kambi zilizofungwa hawaonekani tofauti na wengine. Lakini hawakurudi. Walianza.

Mbele ya hapo, Desemba 1996, serikali ya Tanzania pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi walitoa tangazo la pamoja: wakimbizi wote wa Rwanda walitarajiwa kurudi kwao kufikia tarehe 31 ya mwezi ule. "Walitarajiwa" ni neno la adabu sana. Watu wengi walitoka kambini Ngara wakaelekea upande mwingine, ndani zaidi ya Tanzania, maana yake walikuwa wamejibu lile tarajio kwa miguu yao. Jeshi likawageuza kuelekea Rusumo, na karibu watu nusu milioni walivuka. Vitabu vya Kiingereza vingi vinaliandika jambo lile kwa "return". Nadhani mwenye macho anaona kitenzi cha Kiswahili kinachohitajika pale.

Na karibu yetu zaidi: mwezi wa 2 wa 2025, baada ya M23 kushika Goma, watu waliokuwa kambini Bulengo na Lushagala waliambiwa waondoke katika masaa 72. Baadaye M23 walisema hawakumlazimisha mtu, kwamba ni watu kurudi kwa hiari. Familia ziliondoka na mabati na miti migongoni. Ninawaachia nyinyi mchague kitenzi, kwa sababu kuna waliopo hapa Alunguli wanaosoma haya na walikuwepo kule.

Sasa nije kwenye swali la listi. Mara kwa mara mtu anapita na fomu ao simu na kuuliza: una nia ya kurudi? Mama anajibu: ndiyo, Mungu akisaidia. Fomu inaandika: ndiyo. "Mungu akisaidia" haina nafasi kwenye fomu.

Kwa mtu wa kwetu, kukataa kurudi si jibu la kawaida. Kusema "sitarudi" ni kama kusema umewatupa waliozikwa kule, umeuza jina la ukoo. Hata aliyeishi Kisangani miaka 30 atakuambia atarudi kijijini. Kwa hiyo "nitarudi" ni neno la heshima, linatazama maisha yote. Aliyeshika fomu anataka jambo la miezi mitatu ao sita. Wawili hao wamezungumza, wamekubaliana, na hawakuelewana hata kidogo. Kisha "ndiyo" 200 zinakuwa mpango, mpango unakuwa tarehe, na jina la mama linatoka kwenye listi ya waliokimbia kwenda kwenye listi ya waliorudi, na jetoni ya chakula inafuata jina.

Kuna pia mama anayeenda kule kuchungulia mihogo yake. Anaondoka Jumatatu, anakaa siku tano, anachimba anachoweza kubeba, anarudi Alunguli na kikapo kichwani. Alirudi mara ngapi, huyo? Mara mbili ndani ya wiki moja: mara kwenda kwake, mara kuja kwa watoto wake. Akikutana na mwenye fomu kwenye safari ya kwanza ni "retourné", akikutana naye kwenye safari ya pili ni mhami mpya. Kifaransa kingemtofautisha kwa "retourner" na "revenir" kama mwandishi angejali. Kiswahili kinahitaji neno moja tu zaidi: amerudi huku, amerudi kule. Hilo neno moja liandikwe.

Na kuna watoto. Mtoto aliyezaliwa Alunguli, aliyejifunza kuogelea kwenye mto huu, anayeita soko letu soko lake, hawezi kurudi Kabambare. Hajawahi kuwa kule. Anaweza kwenda, anaweza kupelekwa, anaweza kuhamia. Kumwandika kwamba "amerudi" ni kumpa safari ambayo hakuifanya. Mzazi wake ana haki ya kusema: mimi nitarudi, huyu atahama, mtupe darasa lake kule kwanza.

Ninajua upande wa wenyeji. Mimi ni mwandishi wa hapa na ninasikia yanayosemwa kisimani na bandarini. Madarasa yamejaa. Bei ya mihogo haipendezi. Mwenye nyumba aliyepokea familia mbili kwa moyo mweupe sasa anahesabu miezi. Wengine wanasema waziwazi: warudi kwao. Uchovu ule ni wa kweli, na mtu asitukane wenyeji kwa kuusema. Serikali na mashirika wamewaachia mzigo mkubwa mno. Lakini hata mwenye kuchoka aseme anachotaka kusema. Kama anataka waondolewe, aseme "waondolewe", tujadili. "Warudi" linamfanya mhami aonekane kama mgeni aliyezidisha mazungumzo na kusahau kwenda nyumbani, wakati wote tunajua kwa nini yuko hapa. Na "kwao" kwa wengi wao ni Maniema hii hii, jimbo moja na sisi.

Kwa hiyo ninaomba mambo machache, na si ya bei kubwa. Mkalimani anayesimama kati ya mgeni na wahami, akisikia "return" ao "retour", asitafsiri kwanza. Aulize: ni nani anayeamua? Kuna lori? Kuna tarehe? Kama jibu ni kwamba wenye mamlaka ndio wanaoamua na lori linakuja Alhamisi, basi Kiswahili chake ni "mtarudishwa", na aseme hivyo kwa sauti, hata kama uso wa mgeni utabadilika. Watangazaji wa redio zetu wanaposoma habari kwamba familia fulani "zimerudi", waweke na jinsi zilivyorudi, ao waseme "zimefika", neno lisilodai kujua zaidi ya macho. Kamati za wahami zikiulizwa kama watu watarudi, zijibu kwa kuuliza pia: na mashamba yetu, tutarudishiwa?

Swali la mwisho lile halipendwi kwenye mikutano. "Kurudi" ni kazi ya mhami, anaweza kuambiwa aifanye kesho kwa miguu yake. "Kurudishiwa" ni kazi ya mtu mwingine: chifu aliyempa mwingine shamba, mwenye silaha aliyekaa ndani ya nyumba, ofisi ya ardhi, serikali. Kanuni za 1998 zinasema kwamba wakubwa wana wajibu wa kuwasaidia wahami kupata tena mali waliyoiacha, ao kulipwa kama haipatikani. Mwenye karatasi ya lopango, hata iliyochanika, aiweke mahali pakavu. Asiye na karatasi akae chini na majirani wa kijiji chake waliopo hapa, waandike leo nani alilima wapi, mto upi ulikuwa mpaka, mti gani ulikuwa kwenye kona, maana wazee wanaokumbuka wanazeeka hapa hapa ukingoni, na mvua za mwaka huu zimeshaanza.